Dalali Upepo na Sifa za Kihispania

Dalali mmoja wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Upepo, hakuwahi maishani mwake kuona nyumba mbaya. Akionyeshwa chumba ambacho ukinyoosha mikono kuvaa shati unagonga kuta zote mbili, alisema, "Hiki ni rahisi kufagia." Nyumba ikipakana na karakana ya kuchomelea vyuma, alisema mtaa umechangamka. Ukuta ukiota ukungu, alisema nyumba haina joto. Paa likiwa na matundu, alisema lina hewa. Na nyumba ilipokuwa mbovu kiasi cha kumkosesha neno hata yeye, alisimama katikati ya sebule, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akamwambia mteja, "Sikiliza upepo huo, bwana. Upepo huu watu wanaulipia." Ndiyo asili ya jina.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kibaya kinatembea kwa miguu ya nani. Kwa upande ule wa mji kilitembea kwa miguu ya Upepo, ndani ya viatu vilivyopigwa rangi hadi kwenye nyayo, na mara nyingi kilifika kilikotumwa. Wateja walilipa, wakahamia, wakagundua, wakatukana. Yeye wakati huo alikuwa ameshalaza simu kifudifudi na anaonyesha nyumba nyingine.

Nyumba moja tu ilimshinda, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya mama mkwe wake.

Bibi huyo aliirithi kwa kaka yake. Ilikuwa nyuma ya karakana, mwisho wa kichochoro chenye mteremko ambao magoti yake hayakuupenda, kwa hiyo kazi zote za nyumba ile alimwachia mkwe. Yeye alipanga chumba mahali pengine, akaishi kwa kodi iliyotoka huko. Kila mpangaji aliyepelekwa na Upepo aliingia akishukuru na kutoka akikohoa. Mkewe Upepo, aliyekuwa mkunga kwenye zahanati, aliwafahamu wapangaji hao kwa vifua vyao, maana wote waliishia kwenye foleni ya dawa. "Mwambie mama kweli," alimwambia mumewe. "Wewe ndiye unayeisimamia, mimi nikisema ataona namwingilia." Upepo akajibu kwamba mkwe hapelekewi habari mbaya, ni utovu wa adabu. Basi kila mpangaji alipohama na bibi akauliza, "Nyumba ina kasoro gani, mwanangu?" yeye alijibu, "Haina kasoro, mama. Watu wa siku hizi hawana shukrani."

Mpangaji wa mwisho alipoondoka, kodi ikakatika. Bibi akakosa ya kulipia chumba chake, akafungasha, akaja kukaa kwa binti yake. "Kidogo tu," alisema akivuka kizingiti, "mpaka mkwe wangu anipatie mtu wa maana." Hiyo kidogo tu ikapitiwa na masika mawili.

Asiyewahi kukaa nyumba moja na mama mkwe asidhani anajua dhiki. Bibi yule hakuwa mgomvi. Afadhali angekuwa mgomvi. Alikuwa mpole, na upole wake ulijaa nyumba nzima. Upepo hakuweza kutembea kifua wazi. Hakuweza kupigia mpira kelele kwenye televisheni. Akicheka sana, bibi alikohoa kidogo, naye akakata kicheko katikati. Na kiti chake, kile cha mikono miwili kilichotazama televisheni, siku ya kwanza tu bibi aliuliza, "Hiki ni chako, mwanangu? Nisije nikakuondoa," akiwa ameshakikalia na miguu ameshaipandisha. Upepo akasema hapana mama, kaa tu, kiti ni cha wote. Tangu siku hiyo yeye ndiye akawa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kwa hiyo alitaka kitu kimoja duniani. Nyumba ya mama mkwe ipate mpangaji, mama mkwe apate kodi, yeye apate kiti.

Ndipo ikaja kampuni ya mabomba ya maji, na wahandisi wake walizungumza Kihispania. Madalali wote wakapata wazimu. Wahandisi wanataka nyumba, wahandisi wanalipwa na kampuni, wahandisi hawajui mji! Upepo alipiga hesabu haraka: mtu mgeni, mwenye hela, ambaye hajawahi kusikia karakana ile wala watu waliokohoa humo. Kilichokosekana ni lugha ya kumdanganyia. Akaenda kuitafuta.

Darasa la Kihispania lilikuwa jioni, kwenye chumba cha shule ya udereva, kuta zote zikiwa na picha za alama za barabarani. Mwalimu alikuwa mama mnene aliyepikia familia za watu ng'ambo miaka mingi akarudi na lugha yao, magoti mabovu na hasira. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu ya kuonyeshea alama. Akigonga kitu, unataja sifa yake. Akigonga kiti, "¡La silla!", unajibu "vieja", kwa sababu ni kikuukuu. Akigonga dirisha, unajibu lilivyo. Fimbo haijainuka uwe umeshajibu, vinginevyo anaanza na wewe upya, mbele ya watu wazima wenzako.

"Hakuna kufikiri!" alipiga kelele. "Anayefikiri anadanganya. Sema unachoona!"

Upepo alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Aliposikia kwamba sifa inakuja nyuma ya kitu, nyumba kwanza ndipo kubwa, na kwamba sifa lazima ikubaliane na mwenyewe, alicheka kwa dharau. "Mwalimu, hiki si Kiswahili kilichopotea njia? Sisi tumezaliwa na kukubaliana." Kilichompa taabu ni habari ya vitu kuwa wanaume na wanawake. Ukuta mwanamke, paa mwanaume, choo mwanaume, jiko mwanamke. Alikariri hayo akioga, akavaa nayo, akala nayo, mpaka siku moja mkewe akauliza anachobwabwaja ni nini, naye akamweleza.

"Paa ni mwanaume?" mkewe akasema. "Sishangai. Linavuja na bado linajiona ndilo linalotufunika."

Bibi akakohoa kidogo kwenye kiti.

Siku Upepo alipodhani amekomaa, alimwendea mwalimu na haja iliyomleta. Alitaka maneno ya kazi. "Mtaa uliochangamka, mwalimu, unasemaje?"

"Umechangamka kwa nini?"

"Kuna karakana jirani."

"Ruidosa. Wenye kelele."

"Na paa lenye hewa?"

"Lina matundu?"

"Machache."

"Roto. Bovu."

Upepo akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Hakuna neno lenye heshima zaidi?"

"Yapo," mwalimu akasema. "Yanafundishwa darasa la juu. Ninyi mko la kwanza. La kwanza ni kweli tupu."

Alifikiria kungoja darasa la juu. Lakini jioni ile alirudi nyumbani akakuta bibi ameweka miguu yake juu ya ile ndoo, kwa sababu magoti yalimuuma. Upepo akala chakula amesimama. Akaamua la kwanza linatosha.

Zoezi la mwisho la darasa lilikuwa kueleza nyumba yako mwenyewe, mbele ya wote, bila kusoma. Hapo Upepo aling'ara. Nyumba aliyokaa kwa kweli ilikuwa ya mkewe, kiwanja chake, hati yake, na wakati wa kujenga mkunga huyo alisimama juu ya vichwa vya mafundi tangu msingi hadi bati, akirudisha kila tofali lililopinda. Upepo hakuchangia ila maoni. Lakini alisema "mi casa", nyumba yangu, kwa fahari ambayo ingekufanya udhani ameibeba mgongoni: ndogo, nyeupe, kavu, tulivu, paa jipya, jiko lenye mwanga. Kila sifa ilimfuata mwenyewe bila kukosea. Mwalimu, ambaye hakuwahi kusifu mtu, alishusha fimbo akasema, "Haya. Huyu kaelewa." Upepo alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa ncha za vidole kama bwana harusi.

Haukupita muda, mteja akapatikana. Alikuwa mke wa mhandisi mmoja, mwanamke mfupi mwenye miwani, na mkononi alikuwa na mwavuli mrefu uliofungwa. Ingefaa Upepo auogope mwavuli ule. Lakini mtu aliyelewa sifa haoni mwavuli.

Siku ya kuonyesha nyumba, bibi alisema naye atakwenda, mali ni yake. Alivaa nguo yake ya sherehe, akashuka kichochoro taratibu akishikilia ukuta, akaketi kwenye jiwe nje ya mlango kwa sababu magoti yalikataa ngazi. Kutoka pale hakuona ndani, lakini alisikia kila neno. Upepo akamfungulia mteja, akavuta pumzi, akatayarisha uso wake wa upepo.

Mwanamke yule hakungoja hotuba. Alienda moja kwa moja ukutani, akaugonga kwa ncha ya mwavuli.

"¿Y la pared?"

"Húmeda," Upepo akajibu kabla mwavuli haujainuka. Una unyevu.

Na jamani, alifurahi! Maana neno lile, ukuta, lilikuwa mwanamke asiyejionyesha, mtego ambao nusu ya darasa walinasa, na yeye amepita juu yake bila kuukanyaga. Mwanamke akamtazama. Akainua mwavuli juu.

"¿El techo?"

"Roto."

"¿Las ventanas?"

Madirisha, tena mengi! "Viejas y sucias," alisema, makuukuu na machafu, akikubalisha mara mbili kwa pumzi moja. Kifua kikamtuna.

"¿La cocina?"

"Oscura. Fea." Jiko lenye giza. Baya.

Wakati huo karakana ikawasha mashine, vyuma vikalia, na mwanamke akaonyesha mwavuli kule kelele zilikotoka. Hata hakuuliza. Upepo akapaza sauti ili asikike.

"¡La calle, ruidosa! ¡Muy, muy ruidosa!"

Ile "muy", yaani sana, hakuombwa na mtu. Aliitoa kwa hiari yake, kama mtu anayemwaga mtama kwenye kuku wengi kisha anarudi ndani kuchukua gunia la pili. Na nje kwenye jiwe, bibi, aliyesikia sauti ya mkwe wake ikimiminika kwa raha kiasi kile, aliitikia kwa kichwa kila neno na kusema, "Ndiyo. Kabisa. Mwambie, mwanangu."

Mashine ikanyamaza. Kimya kilipoingia, akili nayo ikaingia. Upepo alitazama ukuta, akatazama paa, akakumbuka amekuja pale kufanya nini. Jasho lilimtoka hadi kwenye soksi. Alitafuta neno la kufutia, lolote, lakini mwalimu alikuwa amesema kweli, maneno ya kufutia yalikuwa darasa la juu.

Mwanamke yule alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Madalali wote aliokutana nao mjini, kwa lugha zao za kuokoteza, walikuwa wamemwonyesha mahame wakisema majumba. Akamgusa Upepo begani kwa mwavuli, akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

"¿Y su casa?" Na nyumba yako wewe?

Hapa mtu mwenye akili angesema hajui, au angepatwa na kifafa. Lakini swali lile lilikuwa zoezi la mwisho lenyewe, na mwavuli ulikuwa juu yake. Likatoka lote, kutoka "mi casa" hadi jiko lenye mwanga, ndogo, nyeupe, kavu, tulivu, kila sifa na mwenyewe, bila kujikwaa. Alipomaliza hata aliinama kidogo, akingoja makofi.

"Vamos," mwanamke akasema. Twende.

Mkunga alikuwa nyumbani anadeki. Mgeni aliingia, akasalimia kwa kuinamisha kichwa, akaanza kugonga. Ukuta mkavu. Paa jipya. Jiko lenye mwanga. Akafungua bomba, akasikiliza mtaa, na mtaa ukawa tulivu kama ulivyosemwa. Mtu aliyemwambia kweli kuhusu nyumba mbovu, kwa nini amdanganye kuhusu nzuri? Kesho yake karani wa kampuni akaja na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili safi, na kodi ambayo mkunga aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Nyumba yetu haipangishwi," Upepo akasema kutoka kwenye ndoo.

"Nyumba yetu?" mkewe akauliza taratibu. Hakusema zaidi juu ya hilo. Alitia kalamu mdomoni. "Hawa watu wanakaa mpaka mabomba yaishe. Kwa kodi hii najenga nyingine ubavuni. Kwani tutakosa pa kukaa, baba? Si nyumba ya mama iko wazi?"

"Ile?"

"Ile."

"Lakini ile..." Upepo akaanza, akakwama.

Mkunga akangoja. Alikuwa mtu aliyezoea kungoja, kazi yake ilikuwa hiyo. Bibi naye akageuza shingo kutoka kwenye televisheni, akamtazama mkwe wake kwa upole wake wote.

"Ile ina nini, mwanangu?" akauliza. "Kuna kitu hukuniambia?"

Upepo alijua neno. Alijua maneno saba, alijua jinsia zake, alikuwa ameyasema jana yake kwa sauti ya kushinda karakana. Lakini kwa Kiswahili, mbele ya mama mkwe, baada ya miaka yote ile ya haina kasoro, mama? Mkewe akatoa kalamu mdomoni.

"Ile ina upepo," Upepo akasema.

"Basi vizuri," mkewe akasema, akatia sahihi.

Walihama na kila kitu. Kiti kilitangulia, kimebebwa na wapagazi wawili, na bibi nyuma yake akiwahimiza wasikikwaruze, maana yeye abaki wapi peke yake, atakwenda na wanawe. Mkunga aliomba zamu za usiku. Mchana alilala zahanati kwenye chumba cha wauguzi, akidai ni karibu na kazi. Nyumbani wakabaki wawili, mkwe na mkwe.

Masika ya tatu yakaanza asubuhi moja kwa kishindo. Sebule ilikuwa na sehemu moja tu isiyovuja, na kiti kilikuwa hapo, na bibi alikuwa juu yake, shuka mabegani. Ile ndoo ilipata kazi yake ya asili pembeni, chini ya tundu kubwa. Upepo alizunguka na beseni, akiwahi tone hapa, akiwahi tone pale, na karakana ikagongagonga kama kawaida.

"Mwanangu," bibi akasema baada ya kumtazama kwa muda. "Siku ile, yule mgeni ulimwambia nini kuhusu nyumba yangu? Nilikusikia unasema kwa raha sana."

"Nilimwambia... nilimwambia kweli, mama."

"Ipi?"

Upepo akasogeza beseni.

"Mpaka tulipohamia, mimi humu sikuwa nimeingia tangu kaka yangu afe," bibi akasema, bado kwa upole. "Miguu yangu ilikuwa wewe. Macho yangu yalikuwa wewe. Kila mpangaji alipotoka nilikuuliza, nikiwa na kodi ya mwaka mkononi, tayari kuita fundi. Ungesema paa, ningetia paa. Watu wangekaa, mimi ningekaa kwangu, na wewe," akapapasa mkono wa kiti, "ungekaa hapa."

Upepo hakuwahi kuifikiria hesabu hiyo, na ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kupiga.

"Haya, nifundishe na mimi hicho Kihispania," bibi akasema, akanyoosha kidole juu. "Hilo wanaliitaje?"

"Techo, mama."

"Na sifa yake?"

"Roto," likamtoka kabla kidole hakijashuka.

"Eh. Na kwa Kiswahili?"

Upepo alifungua kinywa. Bibi alingoja, kidole kikiwa kimeelekea darini, na beseni likazidi kujaa.